Chini ya Kapeti: Nilivyolinda na Kunyamazisha Nyuma ya Hiace Yangu

Bisibisi ilizama. Nilikuwa nakwaruza tu sakafu ya gari, pembeni mwa ile nundu ya bati inayofunika tairi la nyuma la kulia, nikitafuta mahali pa kufungia pete ya kamba. Sikukandamiza. Ncha ilipita kama inavyopita kwenye papai lililoiva, na nilipoichomoa nikaona mchanga wa uwanja wetu, sisimizi wakikatiza. Nikashuka, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalitazama lile tundu kwa muda mrefu.

Kazi yangu ni kukodisha vifaa vya shughuli hapa Tanga: viti, maturubai, masufuria makubwa ya pilau, majiko, mapipa ya maji. Harusi, maulidi, hitima, kipaimara, msiba. Mji ukifurahi au ukihuzunika, viti ninavyobeba ni vile vile. Gari ninalobebea ni Toyota HiAce ya mizigo, ya dizeli, bodi ndefu, iliyokuja kutoka Japani ikiwa imeshatumika. Nyuma yake ni sanduku tupu la bati, urefu kama mita 3, upana mita 1 na nusu hivi. Injini iko chini ya viti vya mbele. Kwa hiyo dereva anakuwa na injini chini yake na ngoma tupu mgongoni.

Na ngoma hiyo inalia kweli. Mabomba ya maturubai yanagongana, vifuniko vya masufuria vinacheza, viti vya plastiki vinasuguana, mlango wa nyuma unatikisika, na bati lenyewe linavuma juu ya hayo yote. Tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto usiku, mvua ikinyesha, sikuweza kuongea na kijana wangu wa kazi aliyekaa kiti cha pembeni ila kwa kupaza sauti. Nilikuwa nafika nyumbani masikio yanavuma mpaka napitiwa na usingizi. Mke wangu ndiye aliyeliona kabla yangu. Jioni moja mezani akaniuliza taratibu, "Baba Zuhura, mbona siku hizi unatufokea?" Nilikuwa siwafokei. Nilikuwa siwasikii.

Hili la masikio nalisema mapema kwa sababu madereva wengi tunalichukulia kama uchovu wa kawaida. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa 4. Kwa 91 ni saa 2. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikishakufa havioti tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha.

Basi nikapeleka gari gereji moja iliyosifika kwa kushona viti na kutandika kapeti. Wakanifanyia kwa siku moja. Walitandaza sponji la godoro sakafuni na ukutani, wakamimina gundi, wakafunika na kapeti nene ya kijivu. Nililipa nikiwa na furaha, maana gari lilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kulijua. Hakuna aliyeangalia bati lilikuwaje kabla ya kulifunika, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Masika mbili baadaye ndipo bisibisi ikazama.

Nilipoibandua ile kapeti, harufu ilikuwa ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Sponji lilikuwa zito. Nililikamua kwa mikono miwili na maji ya kahawia yakatiririka hadi kwenye viwiko. Fikiria yale ninayoyabeba: masufuria yaliyooshwa haraka usiku na kupakiwa yakiwa yanadondoka, maturubai yaliyokunjwa alfajiri na umande wake, chumvi ya jikoni, tui lililomwagika, halafu hewa ya bahari ambayo hapa Tanga inakula hata bawaba za madirisha. Kila tone lilizama kwenye sponji na kubaki pale. Kazi ya sponji la godoro ni kunywa. Chuma kikikaa na maji na hewa kinashika kutu, na maji yakiwa na chumvi kutu inakwenda mbio zaidi. Jua lingeweza kuyakausha, lakini kapeti ilikuwa imelizuia. Ukimya ule niliununua, na gharama yake ilikuwa sakafu.

Tangu hapo nimeshika jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike: kulinda bati na kulinyamazisha ni kazi moja yenye utaratibu, na utaratibu wenyewe hauruki hatua. Unatibu bati, unaziba maji, ndipo unashughulikia sauti. Kila unachobandika juu kinaficha kilicho chini, na kilicho chini hutakiona tena kwa miaka.

Nilimpelekea gari mzee mmoja fundi bodi, mtu wa makamo ya baba yangu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Fungua nyuma." Alipanda na nyundo ndogo, akaanza kugonga sakafu pole pole kuanzia mlangoni, kichwa kimeinama kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Bati zima hulia juu, kwa sauti safi. Bati lililoliwa hujibu kwa sauti fupi, butu, kama kibuyu kilichopasuka. Aliweka alama za chaki kila palipojibu vibaya. Kisha akaniambia, "Hili halijafa, linaumwa. Lakini ukipiga puti hapa, mwakani utanirudia."

Puti, ile rojo ya kuzibia mashimo ya bati, naijua sasa inapopakwa juu ya tundu la kutu. Nyuma yake kutu inaendelea kula, unyevu unapenya pembeni, na siku moja kipande kizima kinaanguka kama ganda la kidonda. Mzee alikata kila palipooza mpaka akafika kwenye bati linalolia, akachomelea viraka vya bati jipya. Kabla ya moto wa kuchomelea tulitoa kila kitu kinachoweza kushika moto, tukachomoa waya wa betri, na kijana akakaa na ndoo ya mchanga. Tangi la mafuta liko chini ya sakafu hiyo hiyo, kwa hiyo mzee alianza kwa kulala chini ya gari na tochi, akaniambia nilale naye. Alinionyesha tangi, mabomba ya breki, kebo ya breki ya mkono. Ukitoboa sakafu kwa drili bila kujua kilicho upande wa pili, unaweza kutoboa breki zako mwenyewe.

Baada ya viraka: brashi la waya, msasa, halafu dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ile inayogeuza kutu iliyobaki kwenye vinyweleo vya bati kuwa ngozi nyeusi isiyoendelea kula. Kisha rangi ya oksaidi, ile ya kukinga kutu, mara mbili, kila mkono ukiachwa ukauke kweli kweli. Nasema kukauka kweli kwa sababu hapa pwani wakati wa masika rangi inaweza kukudanganya: ukiigusa ni kavu juu, lakini chini bado ni laini. Tulisubiri siku 3 gari likiwa ndani ya banda.

Kisha maungio, na hapa ndipo nilipomkumbuka babu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Pangani. Nikiwa mdogo nilimwona akipiga kalafati: pamba iliyotiwa mafuta ikisindiliwa kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo, ungio kwa ungio, kutwa nzima, chombo kikiwa kimekaa mchangani maji yakiwa yamekupwa. Kalafati ikishakamilika ndipo mbao za juu zikapakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi mtaa wa pili, na sehemu ya chini ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Sikumwona hata siku moja akianza na deheni. Maji hayapiti katikati ya ubao mzima. Yanapita pale ubao unapokutana na ubao.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Sakafu ya Hiace ni mabati kadhaa yaliyounganishwa, na kutu yangu yote ilianzia kwenye maungio: mguuni mwa nundu za matairi, kwenye kizingiti cha mlango wa kusukuma, pembe mbili za nyuma chini ya taa. Tulipaka gundi ya maungio ya poliyurethani kwa brashi na kidole, mstari kwa mstari. Usitumie silikoni ya dirishani ile inayonuka siki. Ile harufu ni asidi, inakula chuma, na rangi haishiki juu yake. Kuna pia wanaojaza povu la kopo kwenye vizingiti na nguzo, wakidhani wanazuia kelele na maji. Tafadhali usifanye hivyo. Gari lina matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti, yaliwekwa kiwandani kwa makusudi. Povu linayaziba, maji yanakaa, na bati linaoza kutokea ndani mahali ambapo hata brashi haifiki. Mimi nachukua kipande cha waya na kuyazibua matundu yale kila baada ya miezi michache.

Kuhusu desturi ya kupuliza oili chafu ya injini chini ya gari: najua wengi wanaitegemea, na ni kweli inachelewesha kutu. Lakini inaharibu mipira ya chini, inashika vumbi na kuligeuza uji, inadondoka kwenye ardhi tunayochota maji, na ikifika kwenye breki ni hatari. Nta ya kupuliza ndani ya vizingiti ni ghali kidogo, lakini inakaa pale ulipoiweka.

Sasa kelele.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua inatoka wapi. Jumapili asubuhi kijana wangu aliendesha taratibu kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari, mimi nikiwa nyuma nimekaa sakafuni, gari likiwa tupu, kiganja kikihama kutoka bati hadi bati. Nakushauri ufanye hivyo, mkono unajua kuliko sikio. Paa lilikuwa linatetemeka katikati kama ngozi ya ngoma. Pembeni penye mbavu za chuma palikuwa patulivu. Nundu za matairi zilikuwa zinanipiga viganjani kwa mchanga na kokoto zinazorushwa na tairi. Mlango wa nyuma haukuwa unavuma, ulikuwa unagonga, ko-ko-ko, na kila kishindo kilipita mpaka kwenye meno.

Ule mlango ulikuwa kazi ya dakika 20. Kitasa cha kufungia kilikuwa kimelegea na vibonye vya mpira vilikuwa vimekauka kama mawe. Tulisogeza kitasa, tukaweka vibonye vipya. Theluthi ya kelele yangu, kwa sikio langu, iliishia hapo, na sikuwa bado nimebandika kitu hata kimoja. Iliyofuata haikunigharimu hata shilingi: tyubu kuukuu za baiskeli. Nilizikata vipande, nikavivalisha ncha za kila bomba la turubai, nikafunga mabomba kumikumi kwa vipande vya tyubu hiyo hiyo. Vifuniko vya masufuria vinawekwa kifudifudi na gunia katikati. Vitu visipogongana, hakuna kelele ya kuzuia.

Lile la bati kuvuma ndilo linalohitaji kitu cha kubandika. Chukua kifuniko cha sufuria, kining'inize kwa uzi, kigonge kwa kijiko. Kitalia sana. Kigonge tena, safari hii kidole kimoja kikigusa katikati. Kinakufa papo hapo. Kidole hakikuzuia sauti kupita, kimekula ule mtetemo. Mikeka ya mpira wa butili yenye karatasi ya alumini juu inafanya kazi ya kidole hicho. Bati likitaka kujipinda, mpira unavutwa kati ya bati na alumini, na nguvu ya mtetemo inaishia kuwa joto dogo lisilosikika. Kwa hiyo huhitaji kufunika bati zima, na hapa wauzaji hawatakwambia ukweli kirahisi. Robo hadi nusu ya kila bati, katikati kabisa, inatosha. Kipande cha pili juu ya kile cha kwanza kinaongeza uzito na gharama kuliko kinavyoongeza utulivu.

Mikeka iko ya aina mbili sokoni, na ukiiangalia juu juu inafanana: ya butili na ya lami. Ya lami ni nafuu. Nilinunua kipande cha kila moja, nikavibandika kwenye mlango chakavu wa gari nilioomba kwa mzee, nikauegemeza ukutani upande wa magharibi unaopigwa na jua la mchana. Siku ya pili ile ya lami ilikuwa inang'aa na kunata, na harufu yake unaisikia kabla hujafika. Siku ya tano ilikuwa imeteleza upana wa vidole vitatu, imeacha mkia mweusi kwenye bati. Ya butili ilikuwa palepale, kona zake nne zimeshika. Paa la gari lililoegeshwa juani huku kwetu huwezi kuliwekea kiganja, sasa fikiria lami iliyoning'inia chini yake, juu ya viti vya harusi vyenye vitambaa vyeupe.

Nilisafisha bati kwa spiriti, nikabandika, nikasindilia kwa chupa nene ya soda nikiiviringisha kwa nguvu mpaka vile vinundu vya alumini vilale. Hewa ikibaki chini, kipande kile hakifanyi kazi. Ukimaliza, gonga kwa kifundo cha kidole. Paa lililokuwa linasema "ngooong" sasa linasema "dup". Kijana wangu alizunguka gari zima akigonga na kucheka kwa raha, na mimi nilikuwa nafanya vile vile upande wa pili.

Mvua juu ya paa ilibadilika kabisa. Zamani ilikuwa kokoto. Sasa ni mvua.

Juu ya butili, ukutani na paani, niliweka sponji lenye matundu yaliyofungwa, lile gumu kidogo linalofanana na soli za ndala. Namna ya kulitambua: kata kipande, kizamishe kwenye bakuli la maji usiku kucha na jiwe juu yake, asubuhi kikamue. Kisipotoa maji, nunua. Kikitoa, ni jamaa wa lile godoro langu. Hili linapunguza joto pia, na joto ni mateso mengine ya sanduku la bati. Liulizie habari ya moto. Choma kipande kidogo nje, mbali na pua yako. Kinachoendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto usikipandishe kwenye gari unaloliendesha.

Na trei za mayai, maana najua nitaulizwa. Nimeziona kwenye vyumba vya kurekodia muziki, na jirani yangu amezibandika kwenye gari. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Ngurumo ya tairi na injini hazizuii hata chembe, kwa sababu ni karatasi nyepesi, na sauti nzito inazuiwa na uzito. Halafu zinanyonya unyevu, zinakaribisha mende, na zinashika moto haraka.

Kikubwa kilichobaki kilikuwa ule mvumo mzito unaoziba masikio, hasa injini ikilemewa kwenye mlima. Huu haukuondolewa na mkeka wala sponji, na ilinichukua muda kuuelewa. Tangu kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma ni kama mita 4. Sauti ikienda na kurudi inakuwa imetembea mita 8, na sauti hutembea karibu mita 343 kwa sekunde. Gawanya, unapata 43 hivi. Yaani sanduku langu linapenda sauti inayotetemeka mara 43 kwa sekunde. Injini ya silinda 4 inalipuka mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 1,300 kwa dakika inapiga mara 43 kwa sekunde. Hapo injini na sanduku vinaimba wimbo mmoja, kama mtu anayepuliza kwenye mdomo wa chupa mpaka chupa nzima inajibu. Dawa ni kulikata sanduku. Niliweka ukuta wa plaiwudi ya milimita 12 nyuma ya viti, wenye dirisha dogo la kioo cha gari, ukiwa umefungwa kwa bolti kwenye nguzo na kuzungushiwa ukanda wa mpira. Mvumo ulivunjika siku hiyo hiyo. Ukuta ule pia ndio unaozuia mabomba yasije kisogoni kwangu siku nitakayofunga breki za ghafla. Hata kama kelele haikusumbui, uweke kwa sababu hiyo.

Jaza kila upenyo. Upenyo wa kupitisha kidole unaharibu kazi ya ukuta mzima, sauti inapita pale kama maji.

Sakafuni niliweka marini bodi za milimita 18, zile nyeusi zenye utando laini wanazomwagia zege. Shiti 2 zilitosha. Utando wa juu unazuia maji vizuri, lakini ukiikata bodi, ule ukingo uliokatwa uko wazi na unakunywa. Nilipaka rangi ya mafuta kingo zote mara tatu, na kila tundu la bolti pia nililipaka kwa ndani. Bodi hazigusi bati moja kwa moja. Zimelala juu ya vipande vyembamba vya mpira vilivyowekwa kwenye migongo ya mabonde ya sakafu, ili maji yakiingia yatembee chini na kutoka. Juu ya bodi nimetandika mpira wa mkanda wa kiwandani uliokwisha kazi yake, na kwenye nundu za matairi nimevalisha mpira wa tairi kuukuu, ambao ndio ulionyamazisha zile kokoto. Mipira hii naweza kuitoa na kuifua. Hakuna kapeti. Ukiacha ile ya maungio, hakuna gundi inayokwenda kwenye bati popote sakafuni.

Ninajua wenye pikapu watauliza kuhusu zile beseni za plastiki zinazodumbukizwa kwenye sehemu ya mizigo. Zinalinda dhidi ya majiwe na majembe, hilo ni kweli, ila mchanga unaingia chini yake, gari likitetemeka plastiki inakuwa msasa, rangi inaisha na maji yanakaa pale. Ukiwa nayo, itoe angalau mara mbili kwa mwaka uoshe. Rangi nzito ya kupuliza ya poliyurethani inashika bati lenyewe na haina nafasi chini yake, kwa hiyo naiamini zaidi, almradi bati lilisafishwa kabla.

Mpira wa mlango wa nyuma niliubadilisha mwishoni, na ningepaswa kuubadilisha mwanzo. Fungia karatasi mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, hapo maji yanaingia, sauti inaingia, na moshi wa ekzosti unaingia. Moshi huo una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na gari linapotembea hewa ya nyuma inaurudisha kuelekea mlangoni. Yale maumivu ya kichwa niliyokuwa nayo kila safari ndefu yalipungua baada ya mpira mpya. Siwezi kuapa kwamba ni moshi, lakini sitaendesha tena na mlango unaopitisha karatasi.

Gharama nyingine ni uzito. Kila bodi ilikuwa na kilo 35 hivi. Ukijumlisha mikeka, ukuta na mipira, nimeongeza karibu kilo 130. Kwangu mimi hizo ni viti 55 hadi 60 vya plastiki kwa kila safari. Nilikaa na daftari usiku mzima kabla ya kukubali, na ndiyo sababu sikufunika bati lote, na sikuweka kile kizuizi kizito cha vinili wanachokisifia. Mwenye mzigo mwepesi anaweza kuamua tofauti. Mwenye kubeba saruji asihangaike na zaidi ya mlango, butili ya paani na ukuta.

Kwa simu yangu, barabara ile ile ya Segera, mwendo ule ule wa 80, desibeli zimeshuka 7. Simu si chombo cha kupimia cha kuaminika, kwa hiyo nina kipimo kingine. Wiki ya Idi tulikuwa tunarudi kutoka Korogwe, viti 180 nyuma, na Zuhura akapiga simu kuuliza kama nimemnunulia matunda ya damu. Nikamwambia nimenunua. Akauliza, "Baba, umesimama wapi?" Nikamwambia sijasimama mwanangu, naendesha, kijana ndiye amekushikia simu.

Kwenye bodi za sakafu niliacha vifuniko viwili vidogo vya bolti nne nne, juu ya pembe zile mbili za nyuma zilizokuwa zimeoza. Mwezi Juni, masika ilipokatika, nilivifungua. Kushoto kulikuwa na vumbi, punje chache za mchele na kisoda. Rangi ya oksaidi ilikuwa kama siku ilipopakwa. Kulia kulikuwa na maji, kiasi cha kijiko cha chakula, safi, bila wekundu. Nilikausha kwa kitambaa, nikamulika huku kijana akimwaga maji taratibu juu ya mlango, kisha kioo, kisha taa. Kwenye taa ndipo tone likatokea, likateremka na waya mpaka pembeni. Mpira wa nyuma ya taa umepasuka upande wa chini. Nimeshanunua mwingine, uko kwenye dashibodi, na kifuniko sijakirudishia.